Kabla ya Dawa, Geuza Jani

Katika duka la pembejeo, mteja mwenye mti uani hujulikana kwa alichoshika. Ni jani moja, mara nyingi lile bovu kuliko yote, limefungwa kwenye kipande cha gazeti au limechomekwa mfuko wa shati. Huliweka juu ya kaunta na kuuliza, "Kaka, dawa ya hii ipo?" Muuzaji hulitazama, huuliza kama ni wadudu, na mteja hujibu kwamba ni wadudu tu, ni nini kingine? Dakika chache baadaye chupa ya kiuadudu iko njiani kwenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza mti una umri gani, jani limechumwa juu au chini, miti ya jirani ikoje, wala maji ya kumwagilia yanatoka wapi.

Swali la dawa si baya, limewahi tu. Jani bovu huonyesha jambo lililokwisha kutendeka, na mtendaji mara nyingi keshaondoka. Kiwavi aliyelitoboa mwezi uliopita sasa anaruka kwa mabawa. Aliyelitafuna usiku, mchana amejificha chini ya takataka. Na yale madoa ya kahawia kwenye ncha huenda hayakuletwa na kiumbe chochote. Ndiyo maana mtu mwenye jicho la kazi hii hutazama sana kilichoachwa salama: jani lipi halikuguswa, upande gani wa mti ni mzima, mmea gani jirani umepona. Mti mchanga hurahisisha kazi hiyo, kwa kuwa majani yake yanahesabika na yote yanafikiwa kwa mkono. Ubaya ni kwamba hauna akiba. Mwembe mkubwa ukipoteza majani mia hakuna atakayejua. Mche wenye majani ishirini ukipoteza kumi na tano umerudishwa nyuma msimu mzima.

Viumbe hai hubagua. Kiwavi wa mchungwa hagusi mwembe uliopandwa hatua mbili kando yake, na ukungu wa ubwiriunga wa mkorosho hauhamii kwenye mpapai. Chumvi, jua kali na ukame havichagui ukoo wa mmea. Kwa hiyo mwembe, mpera na hibiskasi zikiungua kingo za majani wiki ile ile, mtuhumiwa atafutwe katika kile ambacho mimea hiyo yote inashirikiana: maji, udongo au hewa. Panzi ni mmoja wa wanaoivuruga kanuni hii, maana hula karibu kila kitu. Lakini panzi huacha mashimo, na chumvi haitoboi.

Mwambao, mtuhumiwa wa kwanza wa aina hiyo ni kisima. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa yana chumvichumvi, yale ambayo hata sabuni haitoi povu la maana. Mti huyanywa, maji hupotelea hewani kupitia majani, na chumvi hubaki nyuma ikikusanyika mwisho wa safari, yaani kwenye ncha na kingo za jani. Mparachichi huteseka mapema kuliko miti mingi ya uani. Ncha ya jani lililokomaa hugeuka kahawia, kisha kuungua huko hurudi nyuma kufuata kingo huku katikati pakibaki kijani. Huoni tundu, kinyesi wala utando. Masika ikinyesha vizuri majani mapya hutoka safi, kwa kuwa mvua huisukuma chumvi chini ya mizizi. Kiangazi kikirudi, na ndoo za kisimani zikirudi nacho, ncha huungua tena. Hakuna chupa dukani inayotibu hilo. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyovunwa, matandazo, na kumwagilia maji mengi kwa mara chache badala ya kikombe kila jioni, ambacho huacha chumvi yote juujuu.

Ardhi ya mawe ya matumbawe ina tabia nyingine. Ina chokaa nyingi, na chokaa huyafunga madini ya chuma na zinki mizizi isiyapate hata kama yamo. Majani machanga hutoka ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Sura hiyo hiyo huonekana hata mbali na bahari, kwenye mche uliopandwa kando ya ukuta mpya, mahali fundi alipokorogea zege na mabaki yakafukiwa palepale. Mwenye nyumba aliyepanda miche mitano siku moja akiona mmoja tu una manjano, apime kwanza umbali wake na ukuta.

Hapo umri wa jani unasema mengi. Naitrojeni hutembea ndani ya mmea: ikipungua, mti huinyang'anya kutoka majani ya chini na kuipeleka kwenye chipukizi, hivyo manjano huanzia chini kupanda juu. Magnesiamu hufanya vivyo hivyo, na kwenye mchungwa huacha pembetatu ya kijani karibu na kikonyo cha jani kuukuu huku sehemu nyingine ikipauka. Chuma hakihami. Kikikosekana, majani ya chini hubaki mazuri na machanga ndiyo yanayopauka. Mtu anayepeleka dukani jani moja lililochumwa popote ametupa nusu ya ushahidi huo njiani.

Jua nalo huacha saini. Mche uliolelewa chini ya makuti kitaluni, ukipandwa ghafla mahali peupe, huungua mabaka yaliyopauka upande unaolitazama jua la mchana. Njia ya kuthibitisha ni kutafuta majani mawili yaliyolaliana. Lile la chini litakuwa na umbo la mwenzake limebaki kijani kibichi katikati ya baka lililoungua. Hakuna ugonjwa wala mdudu anayeweza kuchora hivyo.

Na kuna majani yanayougua kwa kosa lililo mbali nayo. Mche unaonyauka wote kwa pamoja, majani yakiwa hayana hata doa, unapaswa kutazamwa shinani. Fyekeo la kijana wa bustani huenda lilichubua gome pande zote. Mchwa huenda wamejenga udongo kuzunguka shina na kula gome chini yake, jambo la kawaida kiangazi. Au mche ulikaa kitaluni muda mrefu mno, mzizi ukajizungusha ndani ya kiriba, kisha ukapandwa hivyo hivyo. Wapo hata wanaopanda na kiriba chake. Dawa ya kupulizia majani katika hali zote tatu ni fedha iliyomwagwa.

Kabla ya kuingia kwa wadudu, mtuhumiwa mmoja aachiwe huru. Mwembe unapotoa majani mapya, hutoka mekundu au ya rangi ya shaba, laini, yakining'inia kama yaliyokosa maji. Mdalasini nao hutoa mekundu. Ni hali yake ya kawaida, na baada ya majuma machache hukakamaa na kuwa kijani. Wapo wanaonyunyizia dawa hali hiyo kila mwaka, na kila mwaka wanaamini dawa imefanya kazi.

Wadudu hugawanyika kwanza kwa midomo. Wenye meno hutoa kipande cha jani kikapotea. Wenye mdomo wa kufyonza huliacha jani zima lakini limepinda, limepauka au lina madoa. Mgawanyo huu una maana hata dukani, kwa kuwa baadhi ya viuadudu humfikia mdudu anapotafuna tu.

Mtafunaji anayejulikana zaidi kwenye ndimu na michungwa michanga ni mtoto wa kipepeo Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayezunguka bustanini mchana kweupe bila wasiwasi. Jike hutaga yai mojamoja kwenye jani changa. Kiwavi akitoka huwa na rangi ya kahawia na baka jeupe, mtu akapita akidhani ni kinyesi cha ndege, na ndege naye hudhani hivyo. Akikua hugeuka kijani na kunenepa. Ukimgusa, nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, silaha yake dhidi ya siafu na wengineo. Viwavi wachache wa ukubwa huo humaliza mche wa mlimao, wakibakiza mishipa ya katikati. Lakini ni wakubwa, ni wachache na hawakimbii. Kuwaokota kwa mkono asubuhi kunatosha, na mtoto wa nyumbani huifanya kazi hiyo vizuri kuliko pampu.

Kingo za jani zilizong'atwa vipande vidogo vidogo kuzunguka, bila kinyesi cha kiwavi chini na bila mdudu kuonekana mchana, kwa kawaida ni kazi ya fukusi wa kundi la Systates, anayejulikana sana na wakulima wa kahawa na machungwa Kenya. Ni mbawakawa wa kijivu au mweusi asiyeruka. Usiku hupanda kwa miguu kupitia shina, na alfajiri hurudi chini kwenye majani makavu. Anayemtaka atoke na tochi baada ya saa mbili usiku, atandike kitambaa cheupe chini ya mche na kuutikisa. Fukusi hujiangusha na kujifanya amekufa. Kwa kuwa njia yake ni shina tu, utepe wa kunata uliofungwa kulizunguka humzuia, mradi hakuna tawi linalogusa ukuta wala majani marefu.

Nusu duara safi ukingoni mwa jani la waridi au la bogonvilia, zilizokatwa kwa ukubwa unaokaribiana, ni jambo tofauti kabisa. Huyo ni nyuki mkata majani, wa jenasi ya Megachile. Hali jani, hubeba kile kipande hadi kwenye tundu la mti mkavu au la ukuta na kukitumia kutandikia vyumba vya watoto wake. Anachavusha maua, haambukizi ugonjwa wowote, na mti hauhisi kitu. Kumuua ni hasara mara mbili.

Konokono mkubwa, Achatina fulica, ambaye kwao hasa ni Afrika Mashariki, hukwangua mashimo yasiyo na mpangilio na kuacha ute mkavu unaong'aa jua la asubuhi likiupiga. Mbuzi hana haja ya maelezo marefu: kila kitu kimekatwa hadi kimo kimoja, na ncha za vijiti zimechanika kwa sababu mbele juu hana meno ya kukatia. Inashangaza, hata hivyo, ni mara ngapi mbuzi wa jirani husahauliwa katika orodha ya watuhumiwa wakati chupa inanunuliwa.

Wafyonzaji ni wagumu zaidi kuwakamata, kwa sababu wengi hukaa upande wa chini wa jani ambao hakuna anayeutazama. Vidukari hujazana kwenye ncha changa na majani hujikunja kuelekea chini. Nzi weupe huruka kama vumbi ukitikisa tawi, kisha hurudi. Wadudu magamba hukaa palepale mshipani bila kusogea, mtu akadhani ni sehemu ya jani. Wote hawa hunywa maji ya mti kupita mahitaji yao na kutoa ziada yenye sukari, inayodondokea majani ya chini. Juu ya sukari hiyo huota ukungu mweusi wa masizi. Mwenye mti huona weusi na kununua kiuakuvu, akihangaika na jani la chini wakati kisa kiko kwenye jani la juu yake. Masizi yakipanguswa kwa kidole yakitoka, na chini yake jani likawa zima, hapo shingo iinuliwe.

Mpapai una mgeni wake. Kidung'ata wa mpapai, Paracoccus marginatus, asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Kenya ilimripoti mwaka 2016, na pande zote za Pwani, kusini na kaskazini ya mpaka wa Kenya na Tanzania, mipapai ya nyumbani imefunikwa pamba nyeupe majani yakipinda na kudondoka. Nta hiyo nyeupe huzuia dawa isimfikie mdudu, ndiyo maana wanaopuliza mara kwa mara hawaoni nafuu. Mwaka 2021 Kenya ilianza kumwachia nyigu Acerophagus papayae, asiyefikisha hata milimita moja, ambaye hutaga mayai ndani ya kidung'ata. Nyigu wa namna hiyo hufa kwa kiuadudu kabla ya kidung'ata mwenyewe kuhisi chochote.

Kiangazi, hasa kwenye miti ya kando ya barabara ya vumbi, jani huwa na vidoa vidogo sana vya kupauka kana kwamba limepigwa na mchanga, na chini kuna utando mwembamba. Hao ni utitiri. Kipimo chao ni karatasi nyeupe: shikilia chini ya tawi, gonga, subiri. Vumbi linalotembea ni utitiri. Hawa si wadudu bali ni ndugu wa buibui, na viuadudu vingi vya kawaida haviwaui. Badala yake huua maadui zao, na mwezi unaofuata idadi huwa kubwa kuliko mwanzo. Kuosha majani kwa maji yenye kasi, upande wa chini hasa, huwapunguza kuliko chupa nyingi za bei ghali.

Mtwara, Lindi na Pwani yote ya mikorosho, jina linalotajwa ni mbu wa mikorosho, ambaye si mbu bali ni mdudu mfyonzaji wa jenasi ya Helopeltis mwenye miguu mirefu na myembamba. Hushambulia pia miembe na mipera. Mate yake yana sumu kwa mmea, hivyo kila anapochoma panabaki doa jeusi lenye pembe, likifuata mishipa ya jani, na chipukizi laini hukauka kutoka nchani. Wengi huyaita madoa hayo ukungu. Tofauti ni kwamba doa la mbu wa mikorosho hutokea usiku mmoja likiwa na ukubwa wake kamili, wakati doa la ukungu huanza dogo na kupanuka siku kwa siku. Anayetaka uhakika azungushie doa moja kalamu leo na kulirudia baada ya siku tatu.

Na hapo ndipo wanapoingia maji moto.

Hakuna kiumbe anayehukumiwa vibaya kwenye miti ya uani kama chungu hawa wekundu wa jenasi ya Oecophylla. Mwenye nyumba anaona majani ya mwembe yamegundishwa pamoja kuwa furushi, furushi linakauka na kuwa kahawia, na akilisogelea anang'atwa hadi machozi. Mtuhumiwa yupo, ushahidi upo, na ana hasira. Lakini ukitazama furushi likijengwa utaona kazi ya ajabu: safu ya vibarua imeshika kingo za majani mawili na kuyavuta yakaribiane, wengine wamewashika wenzao viunoni wakatengeneza mnyororo pale ambapo pengo ni pana, na kwa ndani kibarua mmoja amebeba buu kinywani akilipitisha ukingo huu hadi ule. Hariri inayoshona jani hutoka kwa buu huyo. Majani hayaliwi. Yatakayopotea ni machache, na kwa gharama hiyo mti umepata walinzi wa usiku na mchana wanaofukuza mbu wa mikorosho, viwavi na mbawakawa.

Faida hiyo imechunguzwa muda mrefu hapa kwetu. M. J. Way aliwatafiti maji moto katika minazi ya Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mdudu anayechoma nazi changa zikadondoka, Pseudotheraptus wayi, alipewa jina la mtafiti huyo mwaka 1955. Minazi yenye maji moto ilisalimika; ile iliyotawaliwa na chungu wadogo wa kahawia Pheidole megacephala, wanaoishi ardhini na kuwafukuza maji moto, iliumia. Kwa haki, maji moto nao wana doa lao: hufuga wadudu magamba kwa ajili ya ile sukari. Mizani, hata hivyo, inaelemea upande wao, isipokuwa pengine kwa mti ulio juu ya benchi la wageni.

Baadhi ya waharibifu hawako juu wala chini ya jani bali ndani yake. Michirizi ya rangi ya fedha inayopindapinda kwenye majani machanga ya ndimu ni njia za Phyllocnistis citrella, mtoto wa nondo mdogo mwenye asili ya Asia ambaye katika robo ya mwisho ya karne ya 20 alisambaa karibu kote duniani zinakolimwa jamii za machungwa. Florida, kwa mfano, alionekana mwaka 1993. Katikati ya mchirizi kuna mstari mwembamba mweusi, nao ni kinyesi chake, na mwisho wa mstari ndiko aliko. Ngozi ya jani humkinga dhidi ya dawa. Kukata kila jani lenye mchirizi ni kuuadhibu mti mara ya pili, kwa kuwa sehemu iliyobaki bado inatengeneza chakula. Mti mkubwa humpuuza. Mche husaidiwa kwa kutochochewa na mbolea nyingi, maana kila chipukizi jipya ni karamu mpya.

Vivimbe ni familia nyingine. Kwenye mikaratusi michanga, uvimbe kwenye kikonyo na mshipa wa kati ni kazi ya nyigu Leptocybe invasa, aliyetoka Australia na kuonekana magharibi mwa Kenya mwaka 2002. Wageni wengine hawaachi vivimbe: mlusina ulimpata wake mwaka 1992, Heteropsylla cubana, aliyeyakausha machipukizi ya mti uliokuwa ukisifiwa kila semina ya kilimo mseto. Na nyua za saipresi za Kenya zilianza kuwa kahawia baada ya mwaka 1990, pale kidukari Cinara cupressivora alipoingia. Mate yake huua tawi polepole, hivyo kahawia hujitokeza wakati yeye keshahamia tawi lingine. Waliotafuta mdudu pale penye kahawia hawakumpata. Alikuwa pembeni, kwenye kijani.

Kuhusu ukungu, kalenda husaidia kuliko hadubini. Chule hupenda masika. Mbegu zake husafiri na matone ya mvua, hivyo madoa meusi hujaa kwenye majani ya mwembe yaliyochipua wakati wa mvua, na yale yaliyokomaa kabla ya mvua hubaki mazima. Ubwiriunga hauhitaji jani lililolowa. Hushamiri miezi ya baridi na ukavu, Juni hadi Agosti, ndiyo maana hugongana na msimu wa mikorosho kuchipua na kutoa maua. Tanzania iliutambua kwenye mikorosho mwaka 1979, na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimeushughulikia kwa miongo kadhaa. Salfa ya unga ndiyo dawa iliyozoeleka. Unga mweupe wa ubwiriunga hupanguswa kwa kidole na hauna miguu. Unga wenye miguu ni kidung'ata. Kosa la kuchanganya hivi viwili ni la kawaida sana, na kila upande huishia na dawa ya mwenzake.

Dawa za asili nazo zinahitaji mtuhumiwa anayejulikana. Mwarobaini una sifa ya kweli: mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nchini Sudani nzige wakimaliza kila kijani isipokuwa miarobaini. Kiini chake huvuruga kula na kujivua ngozi kwa mdudu mchanga. Hivyo kiwavi aliyenyunyiziwa hafi papo hapo; huacha kula, hudhoofika na kufa baada ya siku kadhaa, na aliyetegemea kumwona akidondoka huondoka akisema mwarobaini ni porojo. Maji ya sabuni huua vidukari na wengine wenye miili laini kwa kuwagusa tu. Kwa fukusi mwenye gamba gumu ni kama kumwogesha. Majivu hayana la kufanya dhidi ya chumvi.

Pale macho ya nyumbani yanapokwama, wapo watu wa kuulizwa. Kenya ilianza kufungua kliniki za mimea mwaka 2010, meza sokoni yenye mtaalamu aliyefunzwa, na baadaye zikafunguliwa Tanzania na Rwanda pia. Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao makuu Arusha. Sampuli inayofaa ni tawi dogo lenye majani ya umri tofauti, mabovu kwa mazima, likiwa ndani ya karatasi. Ndani ya plastiki hutoa jasho na kufika likiwa na ukungu wa njiani. Programu za simu zina nafasi yake, ila zijulikane mipaka yake. Nuru, iliyofundishwa kwa picha za mihogo zikiwemo zilizopigwa karibu na Bagamoyo, hutambua magonjwa ya muhogo vizuri. Haikutengenezwa kwa ajili ya mwembe wa uani. Kamera ya simu hiyo hiyo ikikuzwa hadi mwisho, ikaelekezwa chini ya jani, mara nyingi humsaidia zaidi mwenye mwembe.

Kuna hali moja ambamo kulisoma jani vibaya kunaweza kuugharimu mtaa mzima, nayo ni manjano ya mchungwa. Mengi ni upungufu wa zinki, ambao mbolea ya majani huurekebisha. Machache ni ugonjwa wa bakteria unaoziba mirija ya chakula, ambao hauna tiba na mti wake hung'olewa. Tofauti inaonekana kwa kalamu. Zungushia baka la njano upande mmoja wa mshipa wa kati, kisha tazama mahali palepale upande wa pili. Upungufu wa madini hupaka pande zote mbili kwa ulinganifu. Ugonjwa huu hupaka ovyo, njano huku na kijani kule, ukivuka mishipa bila kuiheshimu. Maabara pekee ndiyo yenye neno la mwisho, lakini kalamu huonyesha nani apelekwe maabara.

Aina ya Kiafrika ya ugonjwa huo hupenda ubaridi wa milimani kama Lushoto, na huenezwa na mdudu mdogo Trioza erytreae, ambaye watoto wake huacha vishimo chini ya jani na vivimbe juu yake. Joto la pwani halimfai, na kwa miaka mingi hilo lilikuwa kinga ya machungwa ya nyanda za chini. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kumkuta Morogoro mwenzake wa Asia, Diaphorina citri, na punde akaripotiwa Unguja na Kenya. Huyu anavumilia joto, na ndiye mwenezaji wa aina ya Kiasia ya ugonjwa huo, iliyo kali zaidi. Hatoi vivimbe. Hukaa kwenye chipukizi ameinua makalio, mwili umelala mshazari, na watoto wake hutoa nyuzi nyeupe za nta zilizojikunja. Hupenda pia ule mti ambao majani yake hutiwa kwenye mchuzi, uliopo kwenye nyua nyingi za mwambao.

Hawezi kuruka mbali sana kwa nguvu zake, lakini juu ya mche uliopakiwa nyuma ya pikipiki husafiri kutoka wilaya hadi wilaya kwa siku moja. Mnunuzi wa mchungwa au mlimao aanzie nchani, kwenye vijani vile ambavyo bado havijafunguka: mayai ya njano ya wote wawili hutagwa hapo. Kisha apapase majani yaliyokomaa akitafuta vivimbe, na kugeuza mawili matatu kutazama vishimo. Mche wenye dalili hizo ubaki kitaluni, hata ukiuzwa nusu bei, na mwenye kitalu aambiwe kwa nini.